Mstari wa Chini ya Karatasi

Kajuju aliniita kwenye kompyuta namba tatu, akanionyesha skrini kwa kidole.

"Warigia, hii barua ni mimi niliandika?"

Ilikuwa Jumatano, mwaka wa 1999, katika ofisi ya kompyuta ya Mutahi mjini Nyeri, nilipokuwa nikihudumia wateja. Kajuju alikuwa mwalimu wa chekechea. Ijumaa chuo kimoja cha wauguzi huko Ireland kilikuwa kimempa nafasi, nami nikamchapishia barua hiyo aende kumwonyesha mumewe. Sasa skrini ilionyesha jibu lililotumwa Jumanne kwa jina lake: nafasi hiyo haitaki, ana mambo ya kifamilia.

"Jana nilikuwa darasani mpaka jioni," alisema. "Na neno langu la siri sijaambia mtu. Hata Murungi."

Murungi, mumewe, alikuwa amekuja Jumanne saa sita. Mimi ndiye niliyempa kiti. Mimi ndiye niliyemwonyesha kitufe cha kutuma.

"Hebu nione ile karatasi ya Ijumaa," nilimwambia.

Aliitoa kwenye mkoba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, printa ilikuwa imechapa anwani ya ukurasa, kama inavyofanya kila mara. Ndani ya anwani hiyo kulikuwa na jina lake, na baada ya jina, neno lake la siri: jina la mama yake mzazi. Murungi hakuhitaji akili nyingi.

Fomu ya kuingilia kwenye barua pepe za ofisi yetu aliiandika Mutahi. Ukibonyeza kitufe, jina na neno la siri vilikwenda kwa seva vikiwa vimening'inizwa kwenye anwani, wazi kama tangazo. Nilikosomea kompyuta tulifundishwa kuvipeleka ndani ya ombi lenyewe linalokwenda kwa seva, visionekane juu ya skrini wala kwenye karatasi. Februari nilimwambia. Alicheka. "Wewe andikia watu barua, madam. Fomu niachie." Nami nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Sasa nilimpelekea karatasi mezani kwake, nikaweka kidole kwenye mstari ule.

Aliusoma polepole. "Hiyo ni maneno ya mtu na bibi yake. Sisi hatuingilii."

"Tumeshaingilia. Tulimpa ufunguo."

"Ati tulimpa? Kwani mimi ndio nilimwambia aache karatasi ovyo?"

"Sikuiacha ovyo," Kajuju alisema nyuma yangu. "Nilikuwa nimeipeleka nyumbani kwangu, Mutahi."

Nilirudi kwenye kompyuta yangu, nikafungua fomu ya Mutahi, nikabadilisha neno moja tu, lile linaloamua neno la siri lipitie wapi. Neno moja, ambalo lingebadilishwa tangu Februari. Kisha nikaanza kukiandikia chuo: barua ya Jumanne haikutoka kwa Kajuju, ofisi yetu ilianika neno lake la siri, nilimwonya mwenye ofisi, kisha nikanyamaza. Nikaweka jina langu kamili.

Mutahi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Ukituma hiyo, wateja wataisha hapa. Na wewe usirudi kesho."

"Sawa," nilisema, nikatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kwa simu ya mwalimu mkuu wa shule ya Kajuju. Chuo kilikuwa kimeshampa mtu mwingine nafasi ile. Lakini kwa sababu ya barua yangu, kilimwekea Kajuju nafasi ya Januari, bila kuomba upya.

Jumamosi Murungi alinikuta sokoni, mbele ya watu.

"Wewe msichana ndiye unavunja boma langu?"

Zamani ningeinamisha kichwa. "Uliandika kwa jina lake," nilimwambia, kwa sauti iliyowafikia hata wauza vitunguu. "Rudi nyumbani, umwombe msamaha kwa jina lako."