Ng'ombe wa Mbuke

Violet alitaka kumwogesha mama mkwe wake, Mbuke, alasiri, maji yakiwa yameshapata joto la jua. Walikuwa uani, Rujewa, ambako vumbi la pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga iliyo karibu lilitua juu ya kila kitu. Mbuke hakutaka kuoga. Alimpiga Violet kwa kata, akamwita mwizi, akauliza ng'ombe wamepelekwa wapi.

"Walikufa kwa ukame, mama." Ndivyo Violet alivyoambiwa na mumewe, Ndalahwa.

"Wote?"

"Wote."

Mbuke akalia kama anayepata habari hiyo kwa mara ya kwanza. Jana alilia vilevile.

Jirani yao, mzee Nashoni, Msukuma mwenzake Mbuke aliyehamia bonde hili la Usangu na mifugo zamani, alichoka kusikia kilio kile. Akaja na zeze lake, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapiga wimbo wa wachungaji. Violet, mzaliwa wa Kihesa asiyejua Kisukuma, hakuelewa hata neno moja. Mbuke alinyamaza. Kisha akaupokea wimbo kwa sauti nzima, bila kukosea, mwanamke ambaye asubuhi ile hakukumbuka jina lake mwenyewe.

Walipofika ubeti wa pili, ng'ombe wakaingia uani.

Waliingia mmoja mmoja kwa mlango mdogo, ingawa pembe zao zilikuwa pana kuliko mlango. Violet akasogeza beseni wapate kupita. Walikuwa wamekonda, na jua lilipenya katikati ya mbavu zao likachora mistari ardhini. Ua ukajaa, na bado ukaendelea kuwapokea. Fundi wa mashine akaizima, akavua kofia. Mbuke alipita kati yao akiimba, akiwagusa mapaji ya nyuso, akimwita kila mmoja kwa jina lake.

Mwishoni wakaja watatu walionona. Jua halikuwapenya. Mapajani walikuwa na chapa ya mnunuzi wa ng'ombe wa Mbalizi.

"Hawa hawakufa," alisema Nashoni, mkono ukiendelea na zeze.

Ndalahwa alirudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga, akaegesha pikipiki, akaiona ile chapa. Violet alimtazama.

"Mwaka ule ulikuwa mgumu," alisema Ndalahwa.

"Si ungemwambia."

"Angesahau tu."

"Wakati ule alikuwa hajaanza kusahau."



Mbuke alichuchumaa, akamkamua mmoja wa wale watatu. Akamletea Ndalahwa kikombe kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.

"Karibu, baba. Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi. Ndalahwa."

Mbuke akacheka. "Ndalahwa wangu bado mdogo, yuko malishoni. Ukimkuta njiani, mwambie awaangalie sana hawa watatu. Ndio niliomwekea yeye."

Maziwa yalikuwa ya moto, yakitoa povu. Ndalahwa aliyanywa yote.

"Nitamwambia," alisema.

Nashoni alipomaliza, ng'ombe walitoka kama walivyoingia. Violet akamwogesha Mbuke, na Mbuke akanyoosha mikono mwenyewe, bado akiuimba wimbo kwa sauti ndogo. Wale watatu walitoka mwisho, wakashika njia ya Mbalizi, kwa mwenye chapa ile. Ndalahwa aliusogeza mlango ukutani, akasimama kando kuwapisha.