Toleo la Thelathini na Saba

Habari hii nilipewa na Loretta Wojcik, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, tukikunja pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha, vyenye viazi ndani, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu hapa Parma. Alisimulia kwa sauti ndogo, kwa kuwa Rosemary Hlavaty alikuwa jikoni mle akikaanga vitunguu.

Mumewe Loretta, Walter, alikuwa akikusanya vitabu vya katuni vya Mbayuwayu Mwekundu, yule shujaa arukaye na joho, tangu akiwa na miaka minane. Yalitoka matoleo mia moja na arobaini. Alikuwa nayo yote, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, isipokuwa la thelathini na saba.

Mwezi wa kwanza Rosemary, jirani yao wa ng'ambo ya barabara, alimwomba amshushie maboksi ya darini.

"Chukua tu, Walt. Makaratasi ya Dennis hayo. Goti hili halinipandishi tena."

Dennis alikuwa kaka yake Rosemary, aliyekufa vitani Vietnam. Katika boksi la pili mlikuwa na toleo la thelathini na saba. Juu ya jalada mtoto alikuwa ameandika kwa penseli: Dennis.

Wakusanyaji hawapendi jina la mtu kwenye jalada. Linashusha hadhi ya kitabu. Walter alichukua mkate mweupe, akaondoa ganda, akaukanda ukawa donge, akalifuta nalo lile jina taratibu saa nzima. Penseli ikatoka yote. Lile donge Loretta aliwatupia ndege.

Jioni simu ikalia.

"Walt, samahani, jirani. Kuna kitabu Dennis aliandika jina lake. Mwandiko wake mwingine sina, barua zake zote zililowa kwenye yale mafuriko. Hicho nirudishie, vingine kaa navyo. Umekiona?"

"Hakikuwemo, Rose," Walter alisema.

Asubuhi Mbayuwayu Mwekundu hakuwemo katika toleo hata moja. Majengo yaliwaka bila wa kuyazima, na majambazi walikalia magunia yao ya benki wakisubiri. Yeye alikuwa amekaa jikoni kwa Loretta, vitone vya rangi vikimdondoka viwikoni.

"Dennis yuko wapi?" aliuliza. Maneno yalitoka ndani ya kiputo cheupe, kama kwenye katuni, kikapanda, kikagota kwenye dari.

Loretta akampa kabichi iliyofungiwa nyama. Kila saa aliuliza vilevile, na Loretta akawa anatoboa viputo kwa mpini wa ufagio.

"Walt, mgeni wako ananichafulia taulo."

"Mwambie arudi ndani."

"Mwambie mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkusanya?"

Jumapili, baada ya misa, Rosemary alileta keki ya tufaha.

"Ala! Kumbe mna mgeni, na mmemficha! Na kijisuruali kilivyombana! Walt, hukuwa hata na sweta la kumpa?"

"Dennis yuko wapi?" shujaa aliuliza.

"Alikufa, baba. Mwaka wa sitini na nane. Kula keki."

Shujaa akavua barakoa, akaiweka kando ya sahani. Walter akasimama, akashuka ngazi hadi chumba cha chini, alikoweka matoleo yake. Alikishika kitabu, hilo alimwambia mkewe baadaye. Pale jina lilipokuwa, karatasi ilikuwa nyeupe kuliko kwingine. Akikitoa, safu ingebaki na pengo. Na akimpa Rosemary, angempa nini? Akakirudisha kati ya la thelathini na sita na la thelathini na nane. Akafungua friji ya huko chini, akapanda.

"Nilifuata maziwa," alisema.

"Nami nilichukua kisu," Loretta aliniambia. "Nikakata keki."

Rosemary akamwambia shujaa kitanda cha Dennis kipo, kimetandikwa. Kwa sababu ya goti la Rosemary, shujaa akambeba, wakavuka barabara wakiruka juu ya theluji, kimo cha ua wa nyumba. Punde pazia la chumba cha Dennis likafungwa.

Loretta akasinzia kitini, kama kila Jumapili. Walter akashuka, akajilaza kwenye kochi kando ya matoleo yake mia moja na arobaini, kamili. Kiputo kimoja, kile ambacho ufagio ulishindwa kukitoboa, kilikuwa kimemfuata hadi chini. Alikisoma, akageukia ukutani, akalala.