Sato Asiye na Mwiba

Kiharusi kilimwacha baba yangu Masatu na ulimi mzito na koo lisilojua tena njia ya chakula. Daktari alituonya: asile chochote chenye punje wala mwiba, la sivyo kitamwingia mapafuni. Mama akawa anampikia uji. Baba akaugomea.

"Nimelea watoto saba, leo ninyweshwe uji?"

Akakonda hadi mashati yakawa kama ya kuazima. Daktari akatupa mpaka Jumatatu. Asipokula, atalishwa kwa mpira wa puani.

Mimi natafiti mashine za kuchapa chakula, chuoni Dar es Salaam. Unasaga chakula kiwe rojo laini, mashine inakimwaga uzi kwa uzi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kinapata umbo. Niliomba ruhusa nikaja nayo kijijini kwetu Mugango, kando ya ziwa, nimeipakata njia nzima. Jumamosi nikachemsha sato, nikatoa miiba, nikasaga, nikachapa. Baada ya saa nzima akatoka sato kamili, na magamba yake na mkia, laini wa kupondwa kwa ulimi tu. Nikamweka kwenye sahani nzuri, na kijiko, nikampelekea baba kitandani huku nimevimba kichwa.

Alimtazama, akageukia ukuta.

Niliwaka. "Miaka mitatu ya utafiti, ananigeuzia mgongo!" nikamwambia mama jikoni.

Mama hakuacha kuchambua dagaa. "Umemtengea peke yake. Baba yako anakulaga na Kasmiri na wanaume wenzake, sinia moja. Ukimpa mtu sahani yake kitandani, anajua mmeanza kumuaga."

Niliona aibu. Nilikuwa nimesoma mpaka nikasahau kwetu.

Jumapili nilichapa tangu alfajiri: ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, mlima mzima, na sato wawili. Nikamwita Kasmiri, jirani aliyevua na baba miaka thelathini, na kaka yangu Paschal. Tukamtoa baba hadi uani, tukamkalisha wima. Mama akawanawisha. Sinia likatua katikati.

Hakuna aliyegusa. Mkubwa ndiye huanza, na mkubwa alikuwa baba. Kasmiri, ambaye tumbo lake halijawahi kujua subira, alishika magoti yake akangoja.

Baba akawatazama mmoja mmoja. Mkono wake ukanyooka polepole, ukamega tonge, ukalichanganya na samaki. Akameza. Tulitega masikio kusubiri kikohozi. Hakikuja.

Akamega tena.

"Afadhali," Kasmiri alisema, akilivamia sinia. "Leo hata sisi vibogoyo tumekumbukwa."

"Consolata," baba akaniita, maneno yakimvutika. Nikachuchumaa karibu yake. Nilimpenda mzee yule mpaka kifua kikaniuma.

"Samaki wako... hana chumvi."

Nikakimbilia jikoni. Mama alinikuta huko nimekumbatia kopo la chumvi, nalia, nimesahau kabisa kwamba kuna watu wananisubiri.