Chai ya Semina

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika sinia, kwa hiyo mlango wa ukumbi niliusukuma kwa nyonga. Mtaalamu wa pensheni alikuwa anasema, "Mkistaafu, mnaweza kuchukua pesa zenu zote kwa mkupuo..." Nikaona tumesahau sukari. Nikarudi jikoni.

Hiyo nusu sentensi ndiyo niliyoambulia.

Nilikuwa dobi wa hospitali, nafua shuka. Semina ilikuwa ya wafanyakazi wote, ila msimamizi alitugeukia sisi wanawake, akasema kwa upole kabisa, "Mama zangu, nyie ndio wenye mkono wa chai." Tukacheka, tukavaa aproni. Wanaume wakakaa mbele na kalamu zao. Sikuona ajabu yoyote.

Siku ya kustaafu, karani aliniuliza, "Zote?" Nikajibu, "Zote," kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Mume wangu akanunua lori chakavu. Lori lilikufa kwanza, yeye akafuata. Nilipokwenda kuulizia malipo ya kila mwezi, karani yule yule alivua miwani.

"Mama, aliyechukua zote hana tena cha mwezi. Hamkuambiwa kwenye semina?"

Tuliambiwa. Mimi nilikuwa natafuta sukari.

Sasa nafua nguo za watu hapa nyumbani, na mgongo umeshakataa. Dereva wa gari la wagonjwa, tuliyeajiriwa naye siku moja, hupita kila mwisho wa mwezi akitoka benki. "Dada, chai yako siku ile ilikuwa kiboko!" hunitania. Nacheka naye, kisha narudi kwenye karai. Inaniuma, sitadanganya. Mzee wa watu hana kosa; alikaa tu akasikiliza.

Jana binti yangu alipitia hapa akitoka kazini, kwenye ghala la dawa.

"Mama, niazime zile chupa zako mbili kubwa za chai. Kesho tuna semina ya pensheni, wameniomba nishughulikie chai."

Nilikuwa napiga pasi shati la mtu. Sikuinua kichwa.

"Zilivunjika."

"Zilivunjika lini? Si zile pale juu ya kabati?"

Nikaigeuza kola, nikaipiga pasi upande wa pili.

"Zilivunjika, mwanangu. Kesho wahi, ukakae mbele."