Mabirika Bapa

Kitu cha kwanza alichokiona Kinyozi siku aliyoripoti shule ya udereva wa malori hakikuwa lori. Lilikuwa birika la chai. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya meza ya mwalimu, limebanwa likawa bapa kama bahasha, mdomo wake umepinda pembeni kama mtu aliyenuna. Kando yake kulikuwa na jingine, bapa vilevile. Na jingine. Safu ilianzia mlangoni ikaishia dirishani.

"Samahani, mwalimu," alisema hata kabla hajakaa. "Hayo mabirika yamefanya nini?"

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, aliyekuwa ameendesha malori ya safari ndefu mpaka mgongo ulipomwambia basi, shuka. Wanafunzi walimwita Mama Breki, maana ushauri wake juu ya jambo lolote, ndoa ikiwemo, ulianza na "breki kwanza".

"Hayajafanya kitu," alijibu. "Yamefanyiwa. Kaa chini."

Kinyozi akakaa, lakini macho yake hayakukaa. Ndivyo alivyoumbwa. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa kimebomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na mtu mwingine angekwenda kulia kwao. Yeye alikaa kwenye kifusi cha kibanda chake mwenyewe, siku nenda siku rudi, akitazama malori yaliyoleta mchanga. Yalimshangaza. Lile dubwana refu, lenye kiungo katikati kama mgongo wa jongoo, linarudi vipi kinyumenyume mpaka kwenye uchochoro bila kugusa ukuta? Aliwauliza madereva mpaka wakaanza kupandisha vioo wakimwona. Mwisho akauza viti vyake, akaja kuuliza mahali ambapo kuuliza kunalipiwa ada.

Mkewe hakumzuia. Alimwekea sharti moja tu. "Nenda, baba watoto. Lakini shule ikiisha na kazi hakuna, Jumatatu yake unaingia dukani kwa kaka yangu kuuza misumari." Shemeji huyo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na ulimi unaonyoa bila wembe. Kufanya kazi chini yake kulikuwa kutaniwa asubuhi mpaka jioni, na Kinyozi alijua hangemaliza mwezi akiwa na akili zake zote.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kugombewa. Mama Breki aliwaambia mapema, bila kupaka sukari: kulikuwa na tajiri mmoja wa malori aliyekuja kila siku ya mtihani, akachagua mwanafunzi mmoja, akampa kiti kando ya dereva mkongwe ajifunze njia. Mmoja. Wengine hupata leseni, kisha huanza kazi ya kusimama kwenye mageti ya makampuni, leseni mfukoni na jua kichwani, kwa sababu kila geti huuliza uzoefu na hakuna geti linalouza uzoefu.

"Uzoefu mimi ninao," alisema jamaa aliyekaa nyuma ya Kinyozi. Huyu alikuwa amesafiri miaka mingi kama utingo, msaidizi wa dereva, akifunga maturubai na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Tangu siku ile akaitwa Mzoefu, na jina likamkaa kama kofia.

Kinyozi alitegemea kwamba siku ya pili atashika usukani. Wapi. Wiki nzima ya mwanzo hawakuendesha hata hatua moja. Walitembea. Kila asubuhi walilizunguka lori kwa miguu, kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma na kurudi kwa upande mwingine, wakigonga kila tairi kwa kipande cha nondo na kusikiliza. Tairi lenye upepo wa kutosha lilirudisha nondo kwa mlio mkavu. Lililopungukiwa lilijibu "bup", kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Kwa nini tusitumie kipimo, mwalimu?"

"Tutatumia. Lakini kipimo husahaulika nyumbani. Masikio unayo hapo, na naona hata nywele zake hujazinyoa."

Alijifunza kwamba lori haliondoki mpaka breki zake zijae upepo, na kwamba zisipojaa hulia king'ora ndani ya kabini ya dereva, nawe unakaa hapo unasubiri kama mgeni sebuleni. Alijifunza kwamba sehemu ya mbele inayovuta huitwa kichwa, jambo lililomfanya ajione yuko kwenye fani yake. Maswali yake yakawa mengi hata Mzoefu akaanza kuyahesabu kwa kugonga dawati. Swali la birika aliliuliza kila siku, na kila siku Mama Breki alimjibu neno lile lile: "Utajua."

Zamu ya kurudi nyuma ilipofika, Kinyozi alikuwa ametulia kupita wote. "Jamani, mimi nimefanya kazi mbele ya kioo tangu ujana," aliwaambia wenzake. "Mambo ya vioo msinifundishe."

Uwanjani palikuwa na safu mbili za koni za plastiki zilizoishia ukutani. Kati yake ndipo trela lilitakiwa kuingia kwa mkia. Mama Breki alisimama chini ya dirisha la dereva. "Ukitaka mkia uende kushoto, usukani unakwenda kulia. Kidogo kidogo. Breki kwanza."

Kinyozi alikaza macho kwenye kioo cha kushoto, akazungusha usukani. Trela likaenda kulikokusudiwa. Akatabasamu. Likaendelea kwenda. Akazungusha upande wa pili, amechelewa. Trela likajikunja na kichwa kama kisu cha mfukoni, na koni mbili zikapotea chini yake. Alipotazama kioo cha kulia hakikumwonyesha trela hata kidogo. Kilimwonyesha uwanja mtupu na anga safi, kana kwamba mzigo wote ule umekwenda zake nyumbani.

"Mteja wako umemkata sikio," alisema Mzoefu kutoka kivulini.

Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Mzoefu aliingiza trela lake kama mtu anayerudisha droo, huku anapiga mluzi. Kinyozi aliondoka na koni zilizokunjamana na kichwa kilichojaa maswali ambayo, kwa mara ya kwanza, hakuwa na hamu ya kuyauliza. Mtihani ulikuwa umebaki siku chache. Usiku alianza kusikia misumari ikimwagwa kwenye mizani.

Jumapili shemeji alikuja kunyolewa, kama kawaida yake. Kinyozi alikuwa ameokoa kioo kimoja kikubwa kutoka kibandani, akakitundika barazani mbele ya kiti cha jikoni. Shemeji alikaa, akafungwa shuka shingoni.

"Nasikia lori limekushinda," alisema. "Tafadhali, hasira usizimalizie kichwani kwangu."

"Halijanishinda. Tunaelewana polepole."

"Usijali. Nimeshakutafutia aproni ya dukani. Ina mfuko wa misumari na mfuko wa aibu."

Kinyozi aliendelea kunyoa. Alikwenda upande huu, akainama, akarudi nyuma hatua, akapita upande wa pili.

"Mbona unanizunguka kama nyumba isiyo na mlango?" shemeji alilalamika. "Simama mahali pamoja. Kioo si hicho hapo?"

Mama watoto alikuwa kizingitini, akichambua mboga. Akacheka. "Huyu? Kioo hakitazami kabisa. Tangu nimjue hukipa mgongo. Wanaokitazama ni nyinyi mnaonyolewa."

Mkono wa Kinyozi ukasimama hewani na mashine ikibaki inanguruma.

Ilikuwa kweli, na ajabu yake ni kwamba hakuwahi kuliona. Miaka yote ile kioo kilikuwa cha mteja. Yeye alinyoa kwa kuzunguka. Kisogo hasa, sehemu ambayo kioo cha ukutani hakiwezi kuionyesha hata kingekuwa kikubwa kama mlango, alikikagua kwa kwenda kusimama nyuma yake. Kisha ndipo alipochukua kile kioo kidogo cha mkononi, akamwonyesha mwenyewe.

"Shemeji," alisema polepole, "lori nalo lina kisogo."

"Malizia kwanza changu," shemeji akamwambia.

Jumatatu uwanjani alirudi nyuma hatua chache, akasimamisha lori, akavuta breki ya mkono, akashuka. Alikwenda mpaka nyuma ya trela, akatazama, akarudi, akapanda. Akaendelea kidogo. Akashuka tena.

"Unashuka kununua nini?" Mzoefu alimuuliza. "Ukipita dukani niletee soda."

Kinyozi alicheka naye, na kwa mara ya kwanza koni zote zilibaki zimesimama. Alichelewa mno, jasho likamtoka, lakini trela liliingia. Mama Breki alimtazama, kisha akatazama mabirika yake kupitia mlango wa darasa.

Siku ya mtihani tajiri alifika mapema, mtu mfupi mwenye saa kubwa na tabia ya kuitazama. Wanafunzi waliwekwa darasani, ambalo dirisha lake lilitazama barabarani, wakawa wanaitwa mmoja mmoja. Pembeni, juu ya jiko dogo, Mama Breki alikuwa anachemsha chai katika birika jipya linalong'aa.

"Chai ya nani, mwalimu?" Kinyozi aliuliza.

"Ya mwenye nayo. Wewe ndiye wa kwanza. Twende."

Akalizunguka lori, akagonga matairi, akasubiri upepo ujae. Akalipeleka mbele kulinyoosha, kisha akaanza kurudi. Alishuka mara moja: koni tu. Akapanda, akaendelea, mkia ukakubali kona. Akashuka tena, akaona gurudumu la nyuma limekaribia koni, akarekebisha. Alipopanda alimwona tajiri akiinua mkono wenye saa na kumwambia Mama Breki jambo lililomfanya mama yule aangalie viatu vyake.

Sasa trela lilikuwa limenyooka. Kioo cha kushoto kilionyesha safu ya koni, cha kulia kilionyesha safu nyingine, zote zimepangika kama mstari wa kando ya nywele zilizochongwa vizuri. Kilichobaki ni kurudi moja kwa moja hadi ukutani. Mtoto angeweza. Kushuka tena kungekuwa kumalizia subira ya yule mwenye saa, na kiti kilikuwa kimoja. Kinyozi aliweka gia ya nyuma. Mguu ukaanza kuiachia klachi.

Lakini kuna kitu kimoja hakikuwa kwenye kioo chochote kati ya viwili vile, na yeye alitaka kukijua. Haikuwa busara wala ushujaa. Ilikuwa kuwashwa tu, ule ule uliomkalisha kwenye kifusi. Akatoa gia, akavuta breki, akashuka.

Nyuma ya trela, katikati kabisa, chini, mahali pa kisogo, lilikaa birika jipya. Mdomoni mwake mvuke ulikuwa bado unatoka.

Alilitazama muda. Kisha akaanza kucheka peke yake, kwa kuwa safu nzima ya ukutani ilikuwa imemjibu kwa mkupuo. Akalibeba kwa mkono wa shati, akaliweka kando ya Mama Breki, akapanda na kumaliza kazi.

"Kwa nini umeshuka mara ya mwisho?" tajiri alimuuliza alipozima injini. "Ulikuwa umenyooka."

"Mzee, sikujua kuna nini."

"Na ungeambiwa hakuna kitu?"

"Ningeshuka kuona hicho ambacho hakipo."

Tajiri alimgeukia Mama Breki. "Huyu atanichelewesha."

"Atakuchelewesha," Mama Breki alikubali, akimimina chai kwenye vikombe vitatu. "Lakini ukutani kwangu hanipi kazi ya msumari. Kunywa chai yako."

Baadaye darasani walisikia mlio wa bati kutoka uwanjani, na Mzoefu akarudi ameshika kitu bapa, anacheka mpaka machozi. "Nilikuwa katikati ya mluzi," alisema, akaanza kutafuta msumari ulio wazi. Alipewa siku ya kurudia. Aliposikia nani amepata kiti, alimpiga Kinyozi bega. "Nenda. Soda yangu bado nakudai."

Kazi ilianza kwa kutandika kitanda. Dereva mkongwe aliyepangwa naye, mzee mcheshi aliyeitwa Nyundo kwa jinsi alivyogonga matairi yake, alimwonyesha pa kulaza godoro nyuma ya viti, pa kufunga sufuria isitembee, na namna ya kuweka maji mahali ambapo mkono huyafikia bila macho. Asubuhi nzima Kinyozi aliuliza, na Nyundo alijibu yale aliyopenda, akayapita mengine kama vituo visivyo na abiria. Walipofika ghala la kushushia mzigo, Nyundo alimpisha usukani, akafumba macho.

Kinyozi alirudi nyuma kidogo. Akasimama. Akavuta breki, akafungua mlango.

Mlinzi wa ghala alimpigia kelele kutoka kivulini. "Dereva, umepotea? Ghala liko nyuma yako."

"Ndilo nakwenda kulisalimia," Kinyozi alijibu, akaenda, akatazama, akarudi. Ukuta, kreti moja tupu, akaisogeza. Trela likaingia taratibu mpaka likagusa mpira wa ukingo.

Alipozima injini, Nyundo alikuwa bado amefumba macho.

"La tatu kutoka mlangoni," alisema.

"La tatu nini, mzee?"

"Birika. Lile lenye mpini mwekundu. Ni langu." Akafumbua jicho moja. "Hiyo chai yake huwa nzuri?"

"Ina tangawizi. Nzuri sana."

Nyundo aliguna, akalamba midomo kama mtu anayejaribu kuonja kitu alichokikosa zamani. Kinyozi akamgeukia, akavuta pumzi.

"Mzee, kwani siku ile hukushuka kwa nini?"

"Kashushe mzigo," Nyundo akamwambia.