Mistari ya Baba Pacha

Baba Pacha alikuwa fundi magari, na mikono yake sabuni ilishaikatia tamaa. Mchana kutwa alilala chini ya magari ya watu kwenye gereji ya kaka yake. Jioni alirudi nyumbani, akajisugua mpaka ngozi ikawasha, mkewe akafunga mlango na kushusha mapazia, na hapo ndipo ilipoanza kazi aliyoumbiwa. Alisuka nywele.

Tena msidhani alijaribujaribu tu. Alisuka haswa! Mapacha wake, wasichana wa miaka saba, walitoka pale na mistari myembamba iliyonyooka, inayokutana utosini bila kugombana, hata walimu wao walikuwa wakiwageuza vichwa watazame vizuri. Alikulia katikati ya dada wanne, akashika chanuo kabla hajashika kalamu. Mungu alipomjalia kipaji hicho hakuuliza kama yeye ni wa kike au wa kiume.

Tatizo lilikuwa kaka mtu. Mwenye gereji huyo, ambaye mafundi walimwita Nondo kwa ugumu wake, alimfuma akisuka wakati wakiwa vijana, akamcheka mbele ya marafiki na kumwambia mwanamume wa ukoo wao hafanyi upuuzi ule. Tangu siku hiyo ikawa siri. Na mwaka huu Nondo alishatangaza kwamba anapumzika, gereji anamwachia mdogo wake. Ungekuwa wewe, ungethubutu?

Sifa zote basi zikaenda kwa Mama Pacha. Kila aliyeuliza nani kawasuka watoto, yeye alitabasamu na kusema ni mambo ya nyumbani tu. Uongo hakusema, ila ukweli nao hakuutamka, na ukweli ni kwamba Mama Pacha hawezi kusuka hata kamba ya kufungia mbuzi. Sasa wiki ya harusi ya binti wa Nondo, mama wa bibi harusi akampigia simu kumwomba amsuke mwali. Na yeye, sifa zikiwa zimempanda kichwani, akasema hamna shida.

Baba Pacha aliposikia alikaa kitandani akapigwa na butwaa. Akamshauri mkewe ajifanye mgonjwa. Mama Pacha akajibu kuwa akiugua yeye, kichwa cha mtoto kitabaki vilevile, na saluni zote zilishajaa wateja mpaka Jumapili. Kisha akasema, machozi yakimlengalenga, kwamba amechoka kupokea shukrani zisizo zake.

Ijumaa asubuhi fundi wetu akaomba ruhusa gerejini, akasema ana dharura ya kifamilia. Akaingia sebuleni kwa kaka yake na chanuo mkononi, jasho likimtoka, mkewe na mapacha nyuma yake. Wanawake waliojaa mle walidhani amekuja kutengeneza feni.

"Anayesuka ni huyu," Mama Pacha alisema. "Siku zote ni huyu."

Shangazi mmoja akaguna. Mwingine akauliza kama hiyo mikono imeoshwa. Bibi harusi akawatazama mapacha vichwani, mmoja baada ya mwingine, akashuka mkekani na kumwinamia baba yake mdogo.

Nusu saa haikupita, waliokuwa wakiguna walishasogeza viti karibu. Maisha yake yote hakuwahi kusuka madirisha yakiwa wazi, jua likimwangazia mikono na watu wakimwona. Raha ilimjaa mpaka akajikuta anaimba.

Kwenye saa saba mchana Nondo akaingia kutafuta chakula, akakwama mlangoni. Wimbo ukakatika. Nisikudanganye, Baba Pacha alitaka kuinuka na kukimbia, lakini alikuwa ameshika msuko nusu, na ukiuachia unafumuka.

"Kaka," alisema, "gereji ukitaka mpe mwingine. Huyu mtoto namaliza kumsuka."

Nondo akasogea mkekani. Akamzunguka binti yake polepole, akainama nyuma ya sikio lake la kushoto, akatazama kwa muda mrefu.

"Huo wa nne umeubana mno," alisema. "Hatalala. Fumua, uanze na nywele kidogo, uwe unaongeza taratibu."

Wote wakamgeukia. Mkewe, aliyeishi naye miaka thelathini, ndiye aliyeuliza amejulia wapi. Mzee wa watu akakuna kidevu, akasema wale dada wanne walimfundisha yeye kwanza, na alikuwa anawashinda wote, mpaka siku baba yao alipomkuta akamchapa hadharani. Akaapa hatashika tena. Na alipomwona mdogo wake naye kaingia mle mle, aliogopa, akaona heri amcheke ili aache, kabla baba hajamkuta na kumchapa naye. Aliyasema hayo kwa sauti ndogo ambayo mafundi wake hawajawahi kuisikia.

Baba Pacha alilia kidogo, wala hakujificha. Halafu akasogea, mkeka ukawa na nafasi ya mtu wa pili. Nondo akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaketi nyuma ya binti yake na kuufumua ule msuko wa nne kwa vidole ambavyo havikusita hata kidogo.

"Inama kidogo, mama," alimwambia.