Kura Thelathini na Saba

Diedrich Neudorf alikwenda kanisani Alhamisi ile akiwa na jibu lake mfukoni, na lilikuwa jibu la kuudhi.

Mhubiri mmoja alikuwa amefariki, na ndugu wote waliobatizwa, wanaume peke yao, waliitwa kuchagua mwingine. Mtu anaingia peke yake kwenye chumba kidogo cha pembeni, ananong'ona jina moja, anatoka. Ndani walikaa Mzee Bernhard Harder, mkuu wa kanisa, na wahubiri wawili wenye penseli.

"Jina," alisema Mzee Harder.

"Sina. Jina nililokuwa nalo tulilizika Machi."

Penseli zilisimama. Mzee Harder alimtazama kwa macho yake ya maji maji, kisha akatazama mlango. "Mwingine aingie."

Diedrich akatoka akijisikia nafuu kidogo, kama mtu aliyetema kitu kichungu. Machi ndiyo ilikuwa ya Neta, mkewe. Pumu ilimbana adhuhuri, jua linawaka, watu wako mashambani. Jirani yao Aron Guenther alikuwa na simu aliyoificha ghalani ndani ya gunia la pumba, na kijiji kizima kilijua, lakini simu ni marufuku kwao, na mwezi mmoja kabla ya hapo Mzee Harder na wenzake walikuja wakaichukua. Ikabidi Diedrich afunge farasi kwenye kigari na kwenda hadi lango la koloni, makazi yao waumini waliojitenga na dunia, kutafuta teksi ya Wabolivia, mwendo wa saa moja na nusu. Aliporudi na teksi, wanawake walikuwa wameshamfumba Neta macho.

Tangu siku hiyo hakunyamaza. Kila asubuhi, watu wakipanga madebe ya maziwa kando ya barabara kungoja gari la kiwanda cha jibini, yeye alisema. Alisema kwamba wakubwa wanalinda amri ya matrekta kuwa na magurudumu ya chuma kuliko roho za watu. Alisema kwamba Harder akiumwa jino tu hutafutiwa teksi. Watu walimsikiliza, wakainua madebe yao, wakaenda zao.

Sasa alikuwa amechoka kusema. Jumatatu angehama. Ng'ombe wanane alikuwa ameshawauza kimya kimya, na binamu yake katika koloni la upande wa mashariki, ambako watu wana magari na daktari yuko karibu, alikuwa amemwekea nyumba. Hakuwa anajihamisha mwenyewe. Alikuwa anamhamisha Justina, binti yake wa mwisho, wa miaka ishirini, aliyerithi kifua cha mama yake pamoja na pua yake. Dada zake walikuwa wameshaolewa. Siri hiyo waliijua baba na binti tu.

Nje, ndugu walisimama karibu na farasi wakibangua mbegu za alizeti kwa meno na kutema maganda. Upepo wa kusini ulikuwa baridi na kila mtu alikuwa ameinua kola.

"Wakinichagua mimi," alisema Aron Guenther, "nitahubiri dakika tano, mwende mkakamue."

"Wewe ukihubiri, ng'ombe wenyewe watahama kanisa," mmoja akamjibu.

"Neudorf, leo umemtaja nani? Usiwe umemtaja farasi wako."

"Farasi wangu ana akili," alisema Diedrich. "Angekataa."

Wakacheka, wakaitwa ndani.

Mzee Harder alishika karatasi mbali na macho. Aliwataja wale wa kura moja moja, akafika kwa Giesbrecht mwenye duka, kura kumi na moja. Watu wakaanza kumtazama Giesbrecht kwa huruma. Kisha Mzee akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali tena.

"Diedrich Neudorf. Thelathini na saba."

Diedrich alisikia jina lake kama la mtu mwingine, mtu aliyekufa zamani, akageuka kuangalia nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta. Kofia ikamwanguka, na mzee mmoja akainama, akaiokota, akampa mkononi kama anavyopewa mtoto. Katika koloni lao mhubiri mpya hapewi hongera. Walipita mmoja mmoja wakamshika mkono bila neno, vile vile walivyomshika kaburini Machi.

Alimkuta Mzee Harder mlangoni.

"Mmenifunga mdomo," alisema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Mmeandika wenyewe hizo kura."

"Diedrich," alisema Mzee Harder, "ningekuwa naandika mimi, ungekuwa wa mwisho, baada ya farasi wako." Hakutabasamu. "Tutakuja kwako alasiri kusikia jibu. Unakumbuka ulichoapa siku ya ubatizo."

Alikumbuka. Kila mwanamume aliapa kwamba akichaguliwa atatumikia. Akikataa hutengwa. Hata mabinti zake walioolewa wasingekula naye meza moja. Na mhubiri hahami.

Aron alirudi naye katika kigari cha Diedrich, kwa kuwa nyumba zao zinatazamana.

"Jirani," alisema Aron, "usinichukie. Mimi nilikutaja."

Diedrich akavuta hatamu.

"Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nilisema moyoni, kura moja ya Diedrich itamchekesha Harder, haitamfikisha popote. Mimi nilikuwa na Giesbrecht kichwani, kweli kabisa."

"Sasa kwa nini?"

"Susanna." Aron alijikuna shingo. Susanna alikuwa mkewe, mwenye mimba ya miezi minane. "Aliniambia juzi, ama utaje Neudorf ama ujipikie mwenyewe. Na wewe unajua mimi hata yai naliunguza."

"Susanna anajua nini habari za uchaguzi?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Akaniambia nile supu yangu."

Diedrich alimshusha Aron na kuingiza farasi uani. Kichwani hesabu haikukaa sawa: wanaume sitini na mmoja, thelathini na saba. Akafungua mlango wa jikoni.

Mwanamume akichaguliwa, mkewe hulia. Ndiyo desturi, na kilio kile si cha kujifanya, kwa sababu mume anageuka mali ya watu. Justina hakuwa analia. Alikuwa amevaa aproni safi, amekata mkate, ametoa jamu ya mapera, na juu ya meza alikuwa amepanga vikombe vinne. Chake Diedrich, na vitatu vya wageni ambao hakuna aliyekuwa ameshamwambia kwamba wanakuja.

Diedrich alivitazama vile vikombe mpaka maana yake ikamfikia, na ilipomfikia akatafuta kiti.

"Nani kakuambia?"

Justina alifuta meza iliyokuwa safi. "Hakuna, Baba."

"Ulijua."

"Nilitumaini."

Yote yakatoka hapo, taratibu, huku akivuta pumzi katikati ya maneno kama ilivyokuwa kawaida yake siku za baridi. Jumanne walichinja nguruwe kwa akina Guenther, na wanawake wa nyumba ishirini na kitu walikaa pamoja wakisafisha matumbo ya soseji. Yeye ndiye aliyesema. Alisema jina la baba yake mara moja tu. Waliobaki walilimaliza wenyewe, na kila mmoja akalipeleka nyumbani kwake.

"Wewe," alisema Diedrich. Miezi minne alikuwa amemtafuta mkosaji, na kila mara alimpata katika nyumba ya Harder. Sasa mkosaji alikuwa jikoni kwake, amevaa aproni. "Jumatatu tunahama. Nyumba iko tayari. Kwa ajili yako, mtoto."

"Watoto wawili wamefia njiani mwaka huu, Baba, kabla hawajafika hospitali. Sisi tukihama tutapona wawili. Susanna atapona na nani?"

"Susanna ana mume."

"Aron?" Justina karibu acheke. "Wanawake wanasema wewe ndiye pekee unayesema. Ukiwa mhubiri, utakaa na Harder pale mambo ya simu yanapoamuliwa."

"Nasema kwenye madebe ya maziwa. Kanisani ni kuhubiri. Mimi kusoma kwenyewe nafuata kwa kidole."

"Nitakusomea, utakariri. Lakini sihami. Ukihama, unahama peke yako."

Hakuwahi kumsikia akimkatalia jambo tangu azaliwe. Kabla hajapata la kusema, magurudumu yalisikika uani.

Mzee Harder aliingia na wahubiri wake wawili, wakavua kofia, wakakaa. Justina akamimina kahawa. Mzee Harder hakugusa kikombe chake.

"Miaka ishirini na miwili nasimamia uchaguzi," alisema, "sijaona mtu akipita kura ishirini. Jambo hili limepangwa. Nakuuliza mara moja, Diedrich. Ulizungukia watu?"

"Mimi?"

"Wewe, au mtu wako. Kama lipo, sema. Uchaguzi unafutwa, na wewe uko huru, hakuna atakayekutenga. Aliyepanga ndiye atakayesimama mbele ya ndugu ajibu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana, na aliyeufungua ni Harder mwenyewe. Neno moja tu na Jumatatu ingebaki Jumatatu. Alisikia filimbi ndogo ya kifua cha Justina karibu na jiko. Hakumtazama, maana Harder angemtazama pia. Akilini alimwona binti yake akisimamishwa mbele ya wanaume sitini, na Susanna na tumbo lake, na wale wengine, kila mmoja akiulizwa nani alianza, mpaka mmoja ataje.

Alipofungua mdomo hakujua bado nini kitatoka.

"Hakuna aliyepanga," alisema. "Mungu ndiye aliyepanga, Mzee. Unataka kumfuta?"

Wale wahubiri wawili wakainamisha vichwa. Mzee Harder alimkodolea macho kwa muda mrefu, kisha naye, polepole, akainamisha.

"Basi Jumapili saa mbili utasimama mimbarani. Mke wangu atakuja kesho kukupima koti la mhubiri."

Walipoondoka Diedrich alibaki amekaa. Kilichomshtua hakikuwa tena zile kura, wala binti yake. Ni lile jibu. Lilitoka laini, kwa sauti ya kanisani, na watu watatu wazima waliinama. Alijiuliza kama Harder naye alianza hivi, siku moja, jikoni kwake, akimlinda mtu.

Justina akakaa kwenye kiti cha Mzee Harder na kuanza kulia.

"Sasa unalia nini?" alimuuliza.

"Ndiyo desturi, Baba," alisema, na hakuweza kunyamaza.